Shokapu za Mashindano na Mgongo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaibishwa na tairi. Nilipitia kuongeza upepo tu, nikiwa na haraka ya kurudi dukani kuuza masinki. Fundi wa matairi akachuchumaa, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele, akauondoa kimya kimya. Akaniambia njoo uone. Nikaona. Kwa nje tairi zuri, lina meno yake yote. Kwa ndani limeliwa mpaka waya zimetokeza. Akauliza hili gari anaendesha nani. Watu wamejaa pale, wote wananigeukia mimi. Nikasema ni la rafiki yangu.

Nimelikana gari langu mwenyewe! Gari la michezo, milango minne, jekundu, likinguruma watoto wa mtaani wanakimbilia dirishani. Mke wangu analiita mke mwenza. Anasema linaogeshwa kila Jumamosi na kuulizwa linajisikiaje, mambo ambayo yeye aliyaona mara ya mwisho wakati wa uchumba. Anatania. Nadhani anatania.

Jioni tulikuwa na kikao kwa wakwe. Baba mkwe yuko hospitali, kapasuliwa mgongo wiki iliyopita, anaruhusiwa Jumatatu ijayo. Daktari kasema arudishwe nyumbani taratibu, asitikiswe hata kidogo, nyuzi bado mbichi. Nani atamleta? Mwanyumba wangu akajitolea kabla hata swali halijaisha. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, na tangu zamani yeye ndiye mkwe, mimi ni yule mwingine. Namwita Bwana Taratibu, humu ndani ya shajara tu. Ana gari la kampuni ileile iliyotengeneza langu, umbo lilelile, ila lake ni lile la kawaida, rangi ya uji, na analiendesha kama kabeba mayai ya watu. Baba mkwe humwita "mwanangu." Mimi huniita "mwenye gari." Miaka yote hii, watoto wawili nimezaa na bintiye, bado ni mwenye gari!

Basi mke wangu akasimama. Mbele ya shangazi zake, wajomba zake, mama yake. Akasema baba ataletwa na mume wangu. Akasema nikiahidi kitu natimiza. Nilivimba kichwa, shati likanibana shingoni. Mama mkwe akanitazama sana, akauliza kama kweli nitaweza. Nikamwambia mama, niachie mimi.

Njiani mke wangu akaniomba mambo mawili tu: ninunue tairi mpya, niendeshe polepole. Basi.

Lakini tairi haliliwi bure. Ugonjwa uko miguuni. Shokapu zimechoka, bushi zimekufa, gari linayumba, tairi linalipa. Sasa, gari likishika barabara vizuri haliyumbi. Lisipoyumba, mgongo wa Baba hautikisiki. Jambo liko wazi kabisa. Bwana Taratibu hata aote hawezi kuota kitu kama hiki.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema naumwa jino.

Nikaenda gereji kwa Tutaona. Si jina lake, ila ukimuuliza lolote anajibu hivyo. Gari litapona? Tutaona. Leo litakwisha? Tutaona. Kalipandisha juu, kalipigapiga huku na huku, akasema shokapu zangu hazina tatizo lolote, bado nzima kabisa. Kilichokufa ni bushi za mbele, yale mapira ya miguuni. Tubadili bushi, tuweke tairi, halafu gari liende likapimwe magurudumu yasimame sawa, kwa sababu ukigusa miguu bila kupima, tairi litaliwa tena. Akasema hilo mara kadhaa. Nilikuwa nakubali kwa kichwa, macho yakiwa kwenye simu.

Maana kwenye simu nilikuwa nimeziona! Springi fupi, nyekundu. Shokapu za mashindano, zina kidude cha kuzungusha, ukitaka laini inakuwa laini, ukitaka ngumu inakuwa ngumu. Muuza spea wa ng'ambo ya barabara anazo. Akasema hizi wanafunga watu wanaojua magari. Akanitazama vile, nikajua ananizungumzia mimi. Bei sitaiandika. Mke wangu akiikuta hapa nitahama nyumba.

Tutaona alipoziona alikuna kichwa. Akauliza nazitaka za nini. Nikamwambia nambeba mgonjwa wa mgongo. Akanikodolea macho, spana mkononi, nikadhani anavutiwa na utaalamu wangu. Akauliza zile za zamani azifanyeje. Nikasema atupe, auze, afanye anavyotaka, mimi na zile tumeachana. Akasema lipo gari analolijua zitalikaa sawasawa. Sikuuliza la nani. Nilikuwa napiga picha springi.

Alhamisi, 6 Machi

Limetoka! Mungu wangu, limetoka!

Limelala chini kama linataka kumrukia mtu. Kati ya tairi na madigadi hapapiti hata kidole. Tairi mpya, nyeusi, zinanuka harufu ya dukani. Tutaona akanikumbusha: sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote, nenda ukapime magurudumu. Nikasema ndiyo naelekea huko. Na kweli nilikuwa naelekea huko. Ila kabla ya huko kuna mzunguko mkubwa wa barabara, na gari lilipoingia kwenye ile kona, lo! Halikulala upande hata kidogo. Limeganda kwenye lami kama limepigwa gundi. Nikazunguka tena. Nikazunguka tena na tena. Askari wa barabarani akanisimamisha, akaniuliza kwa upole kama natafuta mtaa gani. Nikataja mtaa wangu mwenyewe. Akanielekeza. Ikabidi nifuate, maana alibaki ananitazama.

Kwa wapima magurudumu nikakuta foleni. Nikasema kesho.

Nyumbani sasa. Pale getini petu kuna mtaro umefunikwa zege, na zege limeinuka kidogo. Siku zote tunalipita bila hata kulikumbuka. Leo bampa imelikumbuka. Krrrrr! Jirani wa kushoto akatoka, jirani wa kulia akatoka, mke wangu akatoka na mwiko. Nikarudi nyuma. Krrrrr! Nikaliacha nje.

Mke wangu akauliza kwa nini gari limechuchumaa. Nikamwambia ni tairi mpya, bado hazijapanda upepo vizuri. Akaniamini! Akasema asante kwa kununua tairi, akanipa mnofu mkubwa kwenye sahani. Nilikula huku nimeinamisha uso. Ulikuwa mnofu mtamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua jambo dogo. Gari ni gumu. Si gumu kidogo, gumu kabisa. Asubuhi nimepita juu ya kifuniko cha maji machafu, meno yakagongana. Nimekwenda kazini nikahisi kila kokoto la barabara hii, moja baada ya jingine.

Hakuna shida. Kidude kipo.

Lakini mtu mwenye akili hupima kwanza. Baada ya kazi nikachukua beseni la kufulia, nikalijaza maji nusu, nikalikalisha kiti cha nyuma, nikalifunga mkanda. Beseni ndiye Baba. Nikazunguka mtaa mmoja. Tuta la kwanza, Baba akamwagika robo. Tuta la pili, Baba mzima kitini. Nimekausha kiti kwa mashine ya nywele ya mke wangu. Imeanza kunuka kuungua. Nimeirudisha kabatini, nimeificha nyuma ya taulo.

Nikampigia Tutaona. Akaeleza: kidude ukikizungusha kushoto ni laini, kulia ni ngumu, ukiwa unakitazama uso kwa uso. Vya mbele viko juu, fungua boneti utaviona. Vya nyuma viko chini. Akasema nilete gari afanye yeye, ni kazi ya kunywa chai. Nikasema mimi ni mwanamume mzima, siwezi kuzungushiwa kidude na mtu.

Mbele nimemaliza haraka, kushoto, kushoto, mpaka mwisho. Nyuma ikabidi nilale barabarani na suruali ya kazini, nipitishe mkono juu ya tairi, nipapase. Sikioni kidude lakini nakihisi. Kushoto, kushoto, mpaka mwisho. Naam.

Nikiwa bado nimelala pale, miguu yangu iko barabarani, nikasikia gari linasimama polepole sana. Nikajua tu. Nani mwingine husimama hivyo? Bwana Taratibu akashuka, akaniamkia, akauliza kwa huruma shemeji umedondosha kitu? Nikasema naangalia kama kuna paka. Akachuchumaa na yeye tukaangalia paka. Mtu gani huyu! Akasema na yeye amelifanyia gari lake usafi kidogo wa miguu, fundi fulani kampatia vitu vizuri kwa bahati, sasa linaelea. Nikalitazama lile gari lake la rangi ya uji. Nikacheka kimoyomoyo, nikamwambia hongera sana.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali. Wodi yenye mapazia ya kijani, harufu ya dawa. Nikatoa shikamoo, Baba akaitikia marahaba akiwa kalala chali, macho darini. Alikuwa mwalimu mkuu, na hata akiwa kalala mtu unajikuta umechomekea shati.

Akauliza, mwenye gari, kesho tunafika?

Nikajikohoza. Nikasema Baba, hutahisi kitu. Nikasema utadhani bado umelala hapa hapa kitandani. Nikasema limefanyiwa kazi maalumu kwa ajili yako. Mama mkwe akaniombea heri. Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu wote, akaufinya. Muda mrefu hajanishika hivyo. Baba akageuza macho kunitazama, akasema aliyekatwa mgongo hana ujanja, nimejiweka mikononi mwako.

Nilitoka pale natembea kwa kujiamini. Wapima magurudumu wamefunga Jumapili. Hakuna neno, nitapima Jumanne.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Wauguzi walimtoa Baba kwa kiti cha magurudumu, wakamkalisha nyuma kwa uangalifu, mito pande zote, mke wangu kando yake. Kiti bado kina unyevu kidogo, nikasema ni kiyoyozi. Bwana Taratibu alikuwa nyuma yetu na gari lake, kambeba mama mkwe na kile kiti cha magurudumu. Nikawaambia wasihangaike kunifuata kwa karibu, watanipoteza.

Pale pale kwenye geti la hospitali kuna tuta. Dogo. Mbele ikapita kama siagi, nikatabasamu kwenye kioo. Halafu nyuma. Gubu! Nikasikia sauti sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Si kilio. Kama mtu aliyekanyagwa akiwa usingizini. Mke wangu akasema jina langu lote, la kwanza hadi la ukoo.

Mbele laini kama kitanda, nyuma jiwe. Jiwe! Na mgonjwa yuko nyuma. Nilikuwa natambaa, baiskeli zinanipita, mzee mwenye mkongojo alitembea sambamba nami kwa muda mrefu, na bado kila ufa wa lami ulikuwa unampata Baba. Hakupiga kelele tena. Ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa ameshika kile kishikio cha juu ya mlango na akawa anatangaza kwa sauti ya darasani, kabla halijafika: "Tuta." Gubu. "Shimo." Gubu. "Tuta." Jasho jembamba linanitoka. Nilimwomba radhi kwenye kila moja. Mwishowe akaniambia ninyamaze nitazame mbele.

Kisha lile tuta kubwa, karibu na soko. Nikalipanda kwa mshazari, polepole, kwa adabu zote. Pua ikashuka upande wa pili, halafu tumbo la gari likakaa juu ya tuta. Likatulia. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Tairi zinazunguka, gari limelala kifudifudi juu ya tuta na mkwe wangu ndani. Nyuma yetu honi, watu wanashuka kwenye magari, wauza nyanya wamesimama. Mmoja akashauri kwa sauti tupunguze uzito.

Tupunguze uzito! Uzito ndio baba mkwe!

Nilitamani ardhi ipasuke. Ingepasuka kidogo tu gari lingepita.

Bwana Taratibu akashuka. Akakifungua kile kiti, akaja, akainamia dirishani, akasema pole Baba, sasa tutakuinua pamoja, ukihisi maumivu sema. Walimtoa. Yeye na mke wangu na wauza nyanya. Mzee mwenye nyuzi mgongoni, kwenye gauni la hospitali, katikati ya barabara, kwa sababu yangu. Aliponipita hakunitazama. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na macho yake yana maji.

Baba alipotoka, gari likajiinua lenyewe, likashuka kwenye tuta taratibu kabisa. Watu wakapiga makofi.

Wakaondoka na lile gari la rangi ya uji. Mke wangu alipanda huko na mkoba wake. Nilifuata nyuma peke yangu, na nikaona mashimo yaleyale yakipita chini ya gari la Bwana Taratibu. Kichwa cha Baba kwenye kioo cha nyuma hakikucheza.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi alifika asubuhi kwa wakwe. Nyuzi zimeshika, hakuna kilichofunguka. Nilipopata ujumbe nilikaa chini stoo katikati ya masinki nikalia kidogo. Lakini kasema mgongo umevimba, Baba asijaribu kutembea kwanza, akae kwenye kiti cha magurudumu kwa muda. Alitakiwa aanze kutembea wiki hii.

Mke wangu amerudi kuchukua nguo. Anabaki kwao kumuuguza baba yake. Nilijiandaa atanifokea, nikajikaza kisabuni. Hakunifokea. Alisimama mlangoni, akasema: "Nilisimama mbele ya ukoo wangu mzima nikakutolea dhamana. Sijui nilikuwa natafuta nini."

Heri angenitukana.

Kisha akafungua kabati atafute mashine ya nywele. Akainusa. Akanitazama. Akairudisha, akatoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua. Basi, nimekoma. Nalirudisha gari kama lilivyokuwa, shokapu zangu za zamani, kila kitu. Nikiwa na gari la kawaida nitakuwa mtu wa kawaida, na mke wangu atarudi.

Tutaona alilipandisha juu. Akapitisha mkono nyuma, akazungusha kidude, akauliza nani kavigeuza vya nyuma kwenye ngumu ya mwisho kabisa. Nikasema nilizungusha kushoto. Akaniuliza nilikuwa nakitazama? Nikasema nilikuwa nakipapasa kwa juu. Akanieleza kidude cha nyuma kinatazama chini. Ukikishika kwa juu, kushoto ndiyo kulia. Ndiyo maana alisema uso kwa uso. Kisha akapitisha mkono ndani ya tairi mpya za mbele. Zimeanza kuliwa. Wiki moja! Nilisubiri aseme tutaona. Leo alisema umeona.

Nikamwambia anirudishie za zamani. Akasema nilimwambia afanye anavyotaka. Nikamuuliza kazipeleka wapi. Akasema kuna bwana mmoja mpole, ana gari kama hili langu ila la kawaida, rangi kama ya uji, alikuwa na mkwewe hospitali, akaja kuomba lifanywe laini iwapo atahitajika kusaidia. Akamfungia.

Nilikaa kwenye tairi bovu.

Kumbe Baba aliletwa nyumbani kwa shokapu zangu! Miguu yangu mwenyewe! Nilizikana, nikazitupa, zikambeba mkwe wangu bila kumtikisa huku mimi nikifuata nyuma na jiwe. Nilimwomba Tutaona asimwambie mtu. Akasema hana haja, yule bwana mwenyewe anamsimulia kila mtu jinsi alivyobahatika.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbili nimejificha. Leo nikapiga moyo konde, nikanunua matunda, nikaenda kwa wakwe. Gari nimeliacha mbali kidogo kwenye kona ili lisionekane. Linaonekana. Ni jekundu.

Sebuleni wote walikuwapo. Baba kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi miguuni. Mke wangu alikuwa anamenya viazi, akaitikia salamu yangu bila kuinua kichwa. Mama mkwe alikuwa anasifia gari la Bwana Taratibu. Linatembea kama maji, anasema, hata usingizi ulimpata njiani. Bwana Taratibu, kwa unyenyekevu wake ule unaoniua, akasema sifa si zake. Ni za mtu mmoja tu asiyemjua, aliyefungua vitu vizima kabisa kwenye gari lake akavitupa. Akasema anamwombea kila siku popote alipo, japo, akacheka kidogo, hajui alikuwa na akili gani.

Ulimi uliwasha. Uliwasha sana! Nilikuwa na jibu, lilikuwa limefika mdomoni: ni zangu! Sifa ni yangu! Halafu nikasikia nitakachokuwa nimesema. Nikala chungwa.

Baba alikuwa anatazama nje. Alilitazama gari langu pale kwenye kona, lilivyolala chini. Akalitazama la rangi ya uji uani. Kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama alivyokuwa akiwageukia wanafunzi walionakili jibu. Uso ukaniiva. Akawaomba wengine watuache kidogo.

Nilikaa kwenye ukingo wa kochi. Nikasema Baba, nilitaka usihisi kitu. Nikasema nilitaka niwe wa maana kwako. Nikasema na mengine ambayo sitayaandika, na kamasi zilihusika.

Baba akangoja nimalize. Akasema alihisi kila kitu, tena bado anahisi. Akasema shokapu zile zilikuwa nzuri. Ndivyo tu, zilikuwa nzuri, na akaniangalia mpaka nikaitikia ndiyo Baba. Akasema hatamwambia mtu. Kisha akasema amechoka na sebule, nimpeleke barazani. "Nisukume, mwanangu. Polepole."

Mwanangu!

Nilimsukuma. Kwenye kizingiti nikasimama, nikainua magurudumu ya mbele kidogo, nikayashusha, nikainua ya nyuma, nikayashusha. Hakusema tuta. Hakusema shimo. Tulikaa barazani, yeye anasoma gazeti, mimi namfukuzia nzi. Mke wangu alileta chai. Vikombe viwili. Changu alikiweka sukari mwenyewe, kama zamani, akaniambia kesho atarudi nyumbani. Sijawahi kuona aibu na furaha zikikaa kwenye kifua kimoja namna hii. Nimeapa. Sitagusa tena kitu ambacho hakijaharibika. Nimeapa kwa afya ya Baba.

Jumapili, 16 Machi

Nimekuja kumchukua mke wangu, anamalizia kupanga nguo. Baba kalala ndani, kwa hiyo kiti chake kiko barazani, nimekaa nacho.

Jana wakati namsukuma nilihisi kitu ila sikutaka kusema. Kinavuta kushoto. Kidogo sana, mtu wa kawaida hawezi kujua, lakini mimi nahisi vitu hivi mikononi. Leo nimekipindua nikakiangalia vizuri. Tairi dogo la kulia linaliwa kwa ndani! Kwa nje zuri, kwa ndani linaanza kwisha. Mtu akiendelea hivi, Baba atayumba, na Baba akiyumba mgongo unatikisika. Kwa nini hakuna aliyeliona hili? Bwana Taratibu amekisukuma wiki nzima.

Nati nimeilegeza tayari. Muuza spea amejibu ujumbe. Anavyo vigurudumu vyenye springi, vidogo, vyekundu, na anasema vinafungwa na watu wanaojua. Nitakirudisha kabla ya chai ya jioni.

Mke wangu kaniita, kauliza nafanya nini huko nje. Nimesema naangalia kama kuna paka. Baba naye kaamka, naye anaita kutoka chumbani. "Mwanangu, umekileta kiti?" Nimemwambia kinakuja, Baba, na safari hii hutahisi kitu.